Slaidi tano za Hystrichopsylla talpae, na moja isiyolingana na wenzake: naomba ufafanuzi

Bi Hadubini ameandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Nimekabidhiwa kisanduku cha mbao chenye slaidi za zamani za wadudu, na kazi yangu ni kuzikagua, kuzipiga picha na kuziandikia maelezo ya Kiswahili ili wanafunzi wanaoanza elimuwadudu wapate kuzitumia. Nyingi hazikunisumbua. Zilizonikwamisha ni tano zilizoandikwa na mkono mmoja, kwa wino uliokwisha kufifia: *Hystrichopsylla talpae*, na chini yake maneno yanayoonyesha kwamba wadudu hao walitolewa katika kiota cha fuko nchini Uingereza.

Nilipoiweka ya kwanza chini ya hadubini nilidhani nimekosea kuchagua lenzi, kwa sababu mdudu alijaa uwanja mzima na miguu yake ya nyuma ikabaki nje. Niliitoa slaidi nikampima kwa rula ya kawaida, nikapata milimita tano na ushei. Kiroboto niliyemzoea mimi ni yule wa paka, ambaye hata akiwa amenenepa hafiki milimita nne. Swali langu la kwanza, basi, ni la mtu aliyeshangaa tu: je, huyu ni kiroboto kweli?

La pili linanikera zaidi. Slaidi nne zinalingana kwa ukubwa, lakini ya tano ina mdudu wa milimita mbili na robo hivi, naye ameandikiwa jina lile lile. Mwenzangu mmoja ameniambia kwamba huyo ni mchanga ambaye hakupata kukua. Mwingine anasema ni dume. Mimi sikuridhika na jibu lolote kati ya hayo mawili, ila sina hoja ya kuyapinga.

Tena, katika slaidi mbili kati ya zile nne kubwa naona, karibu na mwisho wa fumbatio, vifuko viwili vya rangi ya kahawia iliyoiva, kila kimoja kimepinda mfano wa koma. Vielelezo vyote vya viroboto jike nilivyowahi kuona vina kifuko kimoja tu. Je, hii ni kasoro ya maumbile, au ni mimi nisiyejua? Na mwisho, kama mdudu huyu ni mkubwa mara mbili ya wenzake, je, niwaandikie wanafunzi kwamba madhara yake nayo ni maradufu?

---

Mtafiti wa Viota amejibu:

Bi Hadubini, ahsante kwa swali lililopangwa vizuri. Nitajibu kwa mfuatano wako, ingawa hilo la slaidi ya tano nitaliacha nusu kwa makusudi, maana jibu lake unalo wewe chini ya lenzi yako.

Ndiyo, ni kiroboto. Jenasi *Hystrichopsylla* ilianzishwa na Otto Taschenberg mwaka 1880, lakini spishi uliyonayo ilikuwa imekwisha kuelezwa na John Curtis mwaka 1826, na katika viroboto wa Uingereza hakuna anayeizidi kwa ukubwa. Milimita tano na ushei ni kipimo chake cha kawaida kabisa. Jina la jenasi limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la nungunungu na moja la kiroboto, na ukimtazama kwa upande utaona kwamba aliyelitunga hakuwa anatia chumvi. Anza shavuni: chini ya kichwa pana safu ya miiba mifupi myeusi iliyopangwa kama meno ya kitana. Sogeza slaidi kidogo, utaona kitana cha pili, kirefu zaidi, kikivuka mgongo nyuma tu ya kichwa. Mpaka hapo hajamzidi kiroboto wa paka, kwa sababu yule naye ana vitana viwili, shavuni na mgongoni. Sasa endelea nyuma, kwenye mabamba ya juu ya fumbatio. Kiroboto wa paka hapo hana kitana chochote. *Hystrichopsylla* anavyo vingine tena, bamba baada ya bamba, vikipungua kadiri unavyoelekea mkiani. Kazi ya vitana hivyo ni kunasa kwenye nywele za mnyama anapojikuna au kujilamba, ili mdudu asivutwe kinyumenyume akatoka.

Ukimtazama usoni utagundua jambo jingine: macho yake ni hafifu mno, karibu hayapo. Mdudu anayeishi katika mahandaki na viota vya chini ya ardhi hana la kutazama.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha suala la ukubwa, na hili nalisema kama maoni yangu baada ya kupekua viota vingi, si kama sheria. Sisi tunaowachunguza viroboto tuna desturi ya kuwagawa katika makundi mawili yasiyo na mpaka mkali. Wapo wanaokaa katika manyoya muda mwingi, ambao maisha yao ni kupenya baina ya nywele na kukwepa kucha na meno. Na wapo wa kiotani, ambao humpanda mnyama wanaposhikwa na njaa, wakanywa damu, kisha wakashuka kurudi katika majani makavu na vumbi la kiota. *Hystrichopsylla* ni wa kundi hili la pili. Kiroboto wa manyoya akiwa mnene hukamatwa upesi, hasa juu ya mnyama mdogo ambaye meno yake hufika karibu kila mahali. Wa kiotani hukabiliwa na hatari hiyo kwa muda mfupi tu, kwa hiyo mwili mkubwa haumgharimu sana. Viroboto wengi wa viotani hata uwezo wao wa kuruka umefifia, jambo ambalo halishangazi ukifikiri kwamba chakula chao hurudi chenyewe kulala pale pale walipo.

Vile vifuko viwili si kasoro hata kidogo. Hivyo ni vifuko ambamo jike huhifadhi mbegu za dume baada ya kupandana, akizitumia kidogo kidogo anapotaga. Karibu viroboto wote jike wana kimoja. *Hystrichopsylla* ni miongoni mwa wachache waliobaki na viwili, na wataalamu wengi huichukulia hali hiyo kuwa ya kale, yaani viroboto wa mwanzo walikuwa navyo viwili kisha koo nyingi zikapoteza kimoja. Ushahidi wa upotevu huo unaweza kuuona mwenyewe katika jike wa spishi nyingine: kando ya mfereji wa kifuko kilichobaki mara nyingi pana mfereji mwingine mfupi, umeziba, haufiki popote. Slaidi zako mbili hizo, kwa hiyo, ni za majike, nazo zina thamani kubwa kwa kufundishia kuliko nyingine zote ulizozitaja. Zipige picha kwanza.

Kuhusu mdudu mdogo, jambo moja tu kwa sasa. Huyo si mchanga. Kiroboto hupitia yai, buu, bundo na mpevu, na kukua kwake kote hufanyika katika hatua ya buu, ambaye hana miguu, hana mabawa, na anafanana zaidi na uzi mweupe wenye nywele kuliko na kiroboto. Akishatoka kwenye kifukofuko cha hariri na vumbi alichojifuma, ukubwa aliotoka nao ndio atakaokufa nao. Fumbatio litatanuka kwa damu na mayai, lakini kichwa na miguu havitaongezeka. Kwa hiyo hakuna kiroboto mwenye umbo kamili ambaye "hakupata kukua". Dume ni mdogo kuliko jike, ni kweli, lakini si kwa zaidi ya nusu. Tafadhali kihesabu kitana cha shavuni katika slaidi hiyo, utuambie kina meno mangapi na yamekaaje.

---

Kalunguyeye amejibu:

Naomba kuongeza machache kwa heshima. Kwanza, kwa kuwa *talpa* ni jina la Kilatini la fuko, nadhani Bi Hadubini aandike wazi kwamba kiroboto huyu huishi kwa fuko peke yake, jambo ambalo wanafunzi watalikumbuka kwa urahisi. Pili, mimi kwa upande wa madhara ningekuwa mwangalifu zaidi. Mdudu mkubwa hunywa damu nyingi, na anywaye damu nyingi hubeba vijidudu vingi. Tatu, si kweli kwamba huyu ni mkubwa kupita viroboto wote, kwani mabaki ya visukuku yamewahi kuonyesha viroboto wa milimita ishirini.

---

Fundi Slaidi amejibu:

Ndugu Kalunguyeye, hoja zako zimenifaa kwa sababu zinagusa mambo ambayo watu wengi huyachanganya, kwa hiyo niruhusu nikupinge katika mbili na kukubaliana nawe nusu katika ya tatu.

Jina la spishi halisemi anakoishi mdudu. Linasema tu alikopatikana na yule aliyemwandika kwanza, au alichokifikiria siku hiyo. *Hystrichopsylla talpae* hupatikana kwa fuko, hilo halina ubishi, lakini hupatikana pia kwa kirukanjia, kwa panya wa msituni, na kwa wingi kwa wale panya wa nyasi wa Ulaya wenye mkia mfupi na masikio yaliyofichwa na manyoya. Kinachowaunganisha wanyama hawa si nasaba. Kirukanjia na fuko ni walaji wa wadudu, panya ni wagugunaji, na koo hizo zimeachana tangu zamani mno. Kinachowaunganisha ni kwamba wote hujenga viota vya majani na nyasi ardhini au chini yake, na mara nyingi hurithiana mahandaki. Maelezo ya Mtafiti wa Viota yanapata nguvu hapa: kiroboto anayekichagua kiota kabla ya kumchagua mnyama hatajali sana ni nani aliyelala humo.

Na hapo hapo Bi Hadubini aniruhusu nimtahadharishe kuhusu neno letu lenyewe. Kiswahili humwita "fuko" mnyama yeyote mdogo anayechimba mahandaki na kufukua vichuguu vya udongo, na kwa wasomaji wengi jina hilo litawaletea picha ya mgugunaji mwenye meno ya mbele yaliyochomoza, mla mizizi. Fuko wa slaidi zako ni mnyama mwingine kabisa: ana pua ndefu laini, viganja vipana kama koleo vilivyogeuzwa nje, na chakula chake ni nyungunyungu. Wa namna hiyo huishi Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, na jenasi ya kiroboto chako nayo ni ya pande hizo hizo. Ukiandika "fuko" bila kufafanua, nusu ya darasa litachora mnyama asiye sahihi.

Kuhusu ukubwa na madhara, mfano wa kupinga uko karibu sana. Funza, yule anayechimba katika ngozi ya miguu ya watu na ambaye wengine humwita tekenya, ni kiroboto pia, *Tunga penetrans*, na kabla hajaingia ngozini urefu wake ni milimita moja tu. Ni miongoni mwa viroboto wadogo kuliko wote. Naye kiroboto wa panya, *Xenopsylla cheopis*, ambaye Charles Rothschild alimwandika mwaka 1903 kwa vielelezo vilivyotoka Shendi, Sudani, hana ukubwa wa kutisha wala hana hata kitana kimoja, lakini ndiye msambazaji mashuhuri wa tauni. Sababu haina uhusiano na kiasi cha damu anachokunywa. Bakteria wa tauni huzaana katika sehemu ya mbele ya utumbo wake mpaka wakaunda donge linaloziba njia. Kiroboto anashikwa na njaa, anauma na kuuma tena, damu haipiti, na kila anapojaribu kuvuta hurudisha sehemu ya damu hiyo pamoja na bakteria katika jeraha. Ongeza kwamba panya anayempenda ni yule anayeishi darini na ghalani, karibu na watu. Hayo mawili, kuziba kwa utumbo na ujirani na binadamu, yana uzito kuliko milimita zozote.

*Hystrichopsylla* hana huo ujirani. Maisha yake yapo katika viota vya wanyama wa porini, na kumuuma mtu ni jambo la nadra. Haimaanishi kwamba hapaswi kuchunguzwa, kwa kuwa viroboto wa panya pori wa Ulaya wamewahi kukutwa na bakteria wa jenasi *Bartonella*, na maradhi yanayozunguka miongoni mwa wanyama pori yana faida kujulikana hata kabla hayajamfikia mtu. Lakini kuandika "maradufu" kungekuwa kosa.

Sasa la visukuku, ambalo nakubaliana nalo nusu. Ni kweli kwamba mwaka 2012 walitangazwa wadudu wa kale kutoka China, wenye umri wa takriban miaka milioni 165, ambao majike yao hufikia kama milimita ishirini, na waliitwa viroboto. Hawakuwa wamebanwa ubavuni kama viroboto wa leo, miguu yao haikuwa ya kurukia, na baadhi ya wataalamu wana shaka kama wanastahili jina hilo. Katika walio hai, mshindi anatoka katika jenasi hii hii tunayoizungumzia: *Hystrichopsylla schefferi*, aliyepewa jina mwaka 1919, ambaye jike wake hutajwa kufikia milimita nane. Kielelezo cha kwanza kilitoka katika kiota huko Puyallup, jimbo la Washington, Marekani. Mnyama anayemfuga ni mgugunaji anayeitwa *Aplodontia rufa*, ambaye Wamarekani humwita biva (beaver) wa milimani ingawa si biva na wala milima haimhusu sana. Uzito wake ni kama kilo moja, jamaa zake wa karibu walio hai ni kindi, na yeye ndiye pekee aliyesalia katika familia yake. Anaishi katika mahandaki ya misitu yenye unyevu mwingi, tangu British Columbia hadi California, kwa sababu figo zake hazina uwezo mzuri wa kubana maji.

Hebu fikiri: kiroboto wa milimita nane juu ya mnyama wa kilo moja. Mtu akiniambia kwamba ukubwa wa kiroboto hutegemea ukubwa wa mnyama anayemuuma, humwonyesha mfano huo, kisha nikamkumbusha kwamba wapo wanyama wakubwa mara mia ambao viroboto wao ni wa milimita mbili au tatu.

(Funza jike akishavimba ngozini hufikia karibu sentimita moja, na kuna watakaodai kwamba naye yumo katika mashindano. Ule ni mfuko wa mayai uliotanuka, si mwili uliokua. Simhesabu.)

---

Bi Hadubini ameandika:

Nashukuru sana, nyote watatu. Na Ndugu Kalunguyeye usione haya, kwa maana ukweli ni kwamba mimi nilikuwa nimekwisha kuandika "huishi kwa fuko pekee" katika rasimu yangu, na nimeifuta baada ya kusoma jibu la Fundi.

Nimehesabu. Katika slaidi nne kubwa kitana cha shavuni kina meno mengi kuliko nilivyotarajia, yamekaa kwa kubanana, na vitana vya fumbatio vipo kama mlivyosema. Nilivipita mara ya kwanza kwa sababu nilidhani ni kivuli cha ukingo wa bamba. Katika slaidi ya tano shavu lina meno matatu tu, mapana, yenye ncha. Mgongoni, nyuma ya kichwa, kitana kipo. Kwenye fumbatio hakuna kitu, ni safu za nywele za kawaida. Mwisho wa mwili umeinuka kwa juu, na ndani yake naona kitu kilichojikunja kama springi ya saa.

Kuna jambo jipya pia, nami naona aibu kuliuliza nikiwa nimechelewa. Katika moja ya zile slaidi za majike, chini ya ukingo wa mabamba mawili ya fumbatio, kuna vitu vidogo vya duara vilivyobanana, saba au nane, vyembamba kama magamba ya samaki. Nilidhani ni mapovu ya gundi ya kubandikia, lakini mapovu hayana miguu, na hivi nikiongeza ukuzaji naviona na miguu mifupi iliyokunjwa.

---

Mtafiti wa Viota amejibu:

Bi Hadubini, meno matatu mapana shavuni, kitana kimoja mgongoni, fumbatio lisilo na kitana, na urefu wa milimita mbili na robo: kwa kiota cha fuko wa Uingereza, mtu wa kwanza nitakayemshuku ni *Ctenophthalmus*. Ni jenasi nyingine, yenye spishi nyingi sana, na jina lake maana yake ni jicho la kitana. Hukaa katika viota vile vile pamoja na *Hystrichopsylla*, wakati mwingine kwa makumi. Springi uliyoiona ndani, pamoja na mkia ulioinuka, inaonyesha dume. Kwa hiyo mwenzako aliyesema dume alipatia jinsia akakosa jenasi. Spishi hutaipata kwa picha ya jumla, kwa sababu katika kundi hili tofauti ziko katika umbo la mabamba ya viungo vya uzazi vya dume, ambayo ni lazima uyatazame kwa ukuzaji mkubwa na kuyalinganisha na michoro. Kwa maelezo ya wanafunzi, jina la jenasi linatosha.

Namna kosa hilo lilivyotokea naweza kuikisia, maana hata mimi limenipata. Kiota huchukuliwa kizima, kikatiwa katika mfuko, kisha kikawekwa juu ya wavu ndani ya faneli kubwa chini ya taa. Joto hukausha majani kuanzia juu, na kila kiumbe kinachopenda unyevu na giza hushuka mpaka kikaporomoka katika chupa ya alkoholi iliyo chini: utitiri, mende wadogo, mabuu, na viroboto wa spishi mbili tatu kwa pamoja. Njia hiyo tumeirithi kutoka kwa Antonio Berlese, Mwitaliano, tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Chupa hupewa kibandiko kimoja. Mtu akikaa jioni kuwatoa viroboto, kuwasafisha kwa hidroksidi ya potasiamu hadi misuli iyeyuke na gamba libaki wazi, kisha kuwabandika mmoja mmoja, akishawatambua wanne wakubwa, mkono huandika jina lile lile kwa wa tano kabla akili haijauliza.

Hao wenye miguu iliyokunjwa ndio walionifurahisha zaidi, wala usione aibu. Ni utitiri, si mapovu, na wala hawamnyonyi kiroboto. Baadhi ya utitiri wa viotani wana hatua moja ya ujana ambayo haina kinywa cha kulia. Mwili huwa bapa, chini yake pana vinyonyeo vya kushikia, na kazi yake yote ni kusafiri. Kiota cha fuko ni kisiwa kidogo cha chakula katikati ya udongo mtupu, na utitiri mwenye nusu milimita au pungufu hawezi kutembea kwenda kiota kingine. Kiroboto anaweza, kwa kuwa anapanda juu ya mnyama. Basi utitiri huingia chini ya ukingo wa bamba la fumbatio, mahali ambapo hapaguswi na nywele, wakajipanga kama ulivyoona. *Hystrichopsylla talpae* ni mbebaji anayejulikana wa abiria wa aina hiyo, na nadhani ukubwa wake unamsaidia, au unamponza: chini ya bamba lake pana nafasi.

Tafadhali usijaribu kufungua slaidi hiyo ili uwatoe. Gundi ya zamani ikilainishwa vibaya utampoteza kiroboto na abiria wake kwa pamoja.

---

Fundi Slaidi amejibu:

Naunga mkono neno la mwisho la Mtafiti, na naongeza la kiutendaji tu. Kile kibandiko cha zamani usikibandue wala usikiandike juu yake, hata kama jina ni kosa. Bandika kipya upande wa pili wa kioo, uandike *Ctenophthalmus*, dume, pamoja na tarehe ya leo na jina la aliyetambua. Miaka hamsini ijayo mtu atataka kujua nani alisema nini, na kwa msingi gani.

---

Kalunguyeye amejibu:

Nimekubali kurekebishwa, tena kwa furaha. Swali moja dogo kwa Mtafiti: je, buu wa kiroboto huyu mkubwa naye hunywa damu?

---

Mtafiti wa Viota amejibu:

Hapana, si moja kwa moja. Buu wa kiroboto ana taya za kutafunia, hana mdomo wa kunyonyea. Hula vumbi la kiota, vipande vya ngozi, mabaki ya wadudu, na zaidi ya yote kinyesi cha viroboto wapevu, ambacho ni damu iliyokauka isiyomeng'enywa vizuri. Mpevu hunywa kuliko anavyohitaji, ziada humpita, na ziada hiyo huwa chakula cha watoto chini kwenye majani. Kwa kiroboto wa kiotani huo ni mpango usio na upotevu, kwa sababu mzazi hujisaidia nyumbani.

---

Bi Hadubini ameandika:

Nimebandika kibandiko kipya kwenye slaidi ya tano, upande wa pili, kama alivyoelekeza Fundi. Slaidi ya jike mwenye utitiri nimeipiga picha mara tatu kwa vina tofauti vya lenzi, kwa sababu vifuko viwili vya mbegu viko chini zaidi kuliko utitiri na haviwezi kuonekana pamoja katika picha moja. Chini ya picha ya pili nilipowahesabu upya nimekuta utitiri si wanane bali kumi na mmoja. Watatu walikuwa wamejificha nyuma ya mwiba.